Siku Watoto Wote Walipofaulu

Ukisikia mtu anaitwa Mzee Chumvi, na hauzi chumvi wala hana duka, usiulize mengi. Msikilize kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, utajua jina lilitoka wapi.

Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori. Siku aliyostaafu alimrudishia tajiri funguo za gari, lakini safari hakuzirudisha. Alihama nazo hadi barazani kwake. Kulikuwa na ile ya tairi lililopasuka porini, tairi la akiba hakuna, naye akalijaza maharage makavu, akayamwagia maji, maharage yakavimba, lori likaondoka kama halikuwahi kusimama. "Na lami siku hiyo ilikuwa ya moto," humalizia. "Tunafika mjini, maharage yameiva. Tukafungua tairi, tukala, tukambakizia utingo." Kulikuwa pia na ya mlima mkali, ambao lori liliupanda limesimama wima kama mtu anayepapasa dari, na mizigo haikuanguka kwa sababu ilimwonea dereva aibu.

Hakimu wa hadithi hizo alikuwa mjukuu wake, binti wa sekondari, anayeitwa Kasuku kwa kuwa alianza kusema kabla hajaanza kutambaa. Wazazi wake walikuwa kwenye kazi za mbali, wakimpigia simu kila Jumapili. Yeye aliishi na babu yake na shangazi yake. Na mchezo wao, babu na mjukuu, ulikuwa huu: Mzee akizidisha, Kasuku anapaza sauti, "Punguza!"

"Haya, maharage yalijaa nusu tairi."

"Punguza!"

"Kikombe kimoja."

"Punguza, Babu!"

"Basi, tulikuwa na njaa na tairi lilikuwa bovu."

"Hapo sawa," husema Kasuku, na wote wawili wanacheka mpaka chai inamwagika.

Mwaka ule Kasuku aliacha kusema "punguza". Haikutangazwa, iliisha tu, kama mafuta ya taa yanavyoisha. Siku moja Mzee alipandisha lori mlimani hadi akagusa mwezi na kioo cha pembeni, akatua, akangoja. Kasuku alisema, "Eeh, Babu," akachukua kikombe kitupu, akaingia ndani.

Mzee aliyaona mengi, maana dereva mzuri huona hata kisichokuwa barabarani. Aliona kwamba alfajiri akiamka anakuta birika lishachemka na mtoto amekaa kando yake, macho mekundu. Aliona sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka. Alisikia rafiki zake wakimwita getini, naye akijibu anafua, na kamba ya nguo haina hata leso. Lakini kila alichokiona alikitafutia jina zuri. Kuamka alfajiri akakuita bidii. Kutokula akakuita urembo. Kunyamaza akakuita ukubwa.

"Mjukuu wangu ameshakuwa mtu mzima," alimwambia kinyozi wa ng'ambo ya barabara. "Hana tena mambo ya kitoto."

"Hongera," alisema kinyozi, na mkasi ukaendelea.

Sasa, binti yake Mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi kwa kumfuata Kasuku, alikuwa mshauri kwenye zahanati. Yeye na daktari mmoja wa makamo, mwenye miwani minene na subira ya kobe, walikuwa wakitengeneza dodoso: maswali ya kumwuliza kijana ili kujua kama amebeba wasiwasi uliomzidi, au ile huzuni isiyoondoka ambayo madaktari wanaiita sonona. Maswali yalikuwapo tayari, lakini yalitungwa mbali kwa watoto wa mbali. Yaliuliza kama kijana hujifungia chumbani peke yake. Mtoto wa kwanza kuulizwa alijibu, "Nijifungie na nani nje? Chumbani tunalala watatu na cherehani." Yaliuliza kama amepoteza hamu ya kwenda likizo. "Sijawahi kuwa nayo," alisema mwingine, "nitaipotezea wapi?"

Basi Shangazi na Daktari waliyaweka kando, wakaenda kuwasikiliza vijana wenyewe wanavyosema mambo yakiwalemea. Hawakumsikia hata mmoja anayesema "nina sonona". Waliwasikia wakisema kichwa kimejaa. Moyo mzito, kama unabeba ndoo na huoni pa kuitua. Tumbo linakata kila asubuhi ya shule. Nimechoka na sijafanya kazi yoyote. Kutokana na maneno hayo wakatunga maswali mapya, na kila swali walitaka kulijaribu: kijana anaulizwa, anajibu, kisha anaeleza kwa maneno yake alielewa anaulizwa nini. Wazazi walikubali, watoto walikubali. Ila zahanati ilikuwa imeezuliwa paa kwa matengenezo, hivyo Mzee Chumvi akaombwa sebule yake.

"Kazi yako, Baba, ni viti na maji ya kunywa," Shangazi alimwambia. "Viti na maji. Umenielewa?"

"Mimi nimebeba saruji ya daraja zima, nitashindwa na viti?"

Asubuhi ya majaribio baraza ilijaa vijana. Mzee alipanga viti, akamimina maji, akakaa. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningekuwa nimelala. Lakini mtoto wa kwanza alipotoka ndani, binti mwenye mwanya, Mzee alimwona ameshika kipande cha karatasi chenye maswali na visanduku vya kutia alama. Moyo ukamruka.

Inabidi ujue kwamba Mzee Chumvi hakuwahi kufanya mtihani. Shule aliiacha kabla haijamfikisha huko; kusoma alijifundisha mwenyewe, kwa mabango ya barabarani na mifuko ya saruji. Kwake karatasi yenye visanduku ilikuwa mtihani, na mtihani ni mlango: kuna wanaopita na kuna wanaobaki nje na jina lao. Na hawa walikuwa watoto wa jirani zake, na mtihani ni wa binti yake!

"Wamekuuliza nini?" alimnong'oneza yule mwenye mwanya.

"Kama nalala vizuri. Kama nina mawazo. Kama nina raha nikiwa na wenzangu."

"Ukajibuje?"

"Nikasema wakati mwingine nina mawazo."

"Lahaula! Umekosa moja." Akawageukia waliobaki, akashusha sauti kama mtu anayegawa siri ya serikali. "Sikilizeni, wajukuu. Ukiulizwa unalalaje, unalala kama lori lililozimwa. Mawazo huna. Wenzako unawapenda wote, na chakula unakula mpaka sahani inaomba msamaha. Msituaibishe mtaa."

Watoto waliitikia kwa kichwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa walilisikia la mkuu, na guu likavunjika papo hapo.

Kasuku alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na ukuta. Mzee alimshika bega. "Wewe ndiwe hasa usiniangushe, mtani wangu."

"Sawa, Babu," alisema Kasuku.

Naye hakumwangusha.

Mchana, watoto walipokwisha kuondoka, Shangazi na Daktari walikaa na majibu mezani. Mzee alikuwa chumba cha pili, pazia wazi, masikio wazi zaidi.

"Ajabu," alisema Daktari. "Mtaa huu hauna mtoto hata mmoja mwenye dhiki. Huyu analala vizuri. Huyu naye. Huyu anasema analala kama lori lililozimwa."

"Kama nini?" aliuliza Shangazi.

"Lori lililozimwa. Na huyu pia. Huyu pia. Mbona wote wana lori?"

Shangazi aliivuta karatasi moja, akaisoma. Kisha Shangazi akasema pole pole, "Daktari, lori hilo nalijua. Limenilea." Akapaza sauti. "Baba!"

Mzee aliingia akiwa amejiandaa kupongezwa. "Wamefaulu wote? Hakuna aliyefeli?"

"Baba, umewaambia nini wale watoto?"

"Nimewasaidia kidogo tu. Mwanangu, ningewaacha wafeli nikiwatazama, mtihani ukiwa wako?"

Shangazi aliweka mikono kichwani. Alitaka kufoka, akatazama uso wa baba yake, uso wa mtu aliyeleta zawadi, akashindwa. Ni Daktari aliyevuta kiti. "Keti, mzee wangu. Nikuulize jambo la kazi yako. Kwenye lori lako kulikuwa na mshale wa joto la injini?"

"Lori gani halina?"

"Ukipanda kwenda kwenye nyekundu, ulikuwa unafanyaje?"

"Nasimama. Naacha injini ipoe, natafuta maji. Asiyesimama huyo si dereva, ni mchimba kaburi."

"Na kama utingo, kwa kukupenda, angekibandika kile kioo karatasi yenye picha ya mshale ulio chini, ili usipate wasiwasi?"

Mzee alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Watu waliomjua wangekuambia jambo hilo halijawahi kutokea. Alitazama zile karatasi mezani, kila moja na mshale wake uliobandikwa kwa mkono wake.

"Kumbe hapa hakuna kufaulu," alisema.

"Hakuna. Kuna kuonekana tu."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo kwenye hadithi zake zote, "Na Kasuku?"

Shangazi hakuhitaji kutafuta karatasi. "Naye analala kama lori lililozimwa, Baba."

Lile birika la alfajiri likamjia Mzee mbele ya macho. Macho mekundu, sahani iliyojaa, kamba ya nguo iliyo tupu. Majina yote mazuri aliyoyapa mambo hayo yakamdondoka moja baada ya jingine. "Halali," alisema. "Mtoto yule halali. Najua. Nilikuwa najua."

"Hata mimi nilikuwa naona," alisema Shangazi, na macho yake yakajaa. "Nashinda nikiwauliza watoto wa watu."

Daktari alivua miwani, akaifuta. Alisema hatamlaumu mtu. Alisema kwa kweli Mzee amewaonyesha tundu ambalo wangeligundua wamechelewa. Mtoto akiulizwa na mkubwa, katika nyumba ya watu, anasikia kwamba heshima ya kwao ndiyo inayopimwa. Hata pasipo mtu wa kumfundisha, angejibu hivyo hivyo. Basi dodoso litaanza na maelezo mapya kwamba hakuna jibu la kumfurahisha mtu. Visanduku vitaondolewa machoni. Na majibu hayatasemwa kwa kinywa. Zitawekwa mezani glasi za maji, moja tupu, moja yenye maji kidogo, moja nusu, moja iliyojaa hadi ukingoni. Kijana anaulizwa, "Siku hizi hali hii imekujaa kiasi gani?" naye anagusa glasi.

"Na tutahitaji kurudia," alisema Daktari. "Kasuku nitamwuliza mimi. Mtu hampimi wa kwake."

"Na baraza?" aliuliza Shangazi, akimtazama baba yake.

"Baraza naihama," alisema Mzee. "Nitakaa kwa kinyozi."

Lakini kabla ya kuhama alikuwa na deni la maneno. Aliwaita wale watoto, wakaja wakikimbia wakidhani kuna hadithi. Mzee alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Niliwapotosha. Ule haukuwa mtihani. Mimi ndiye niliyefeli."

Waliangaliana. Binti mwenye mwanya akauliza, "Sasa tuseme nini, Babu?"

"Semeni lenu."

"Hata kama ni baya?"

"Hasa likiwa baya."

"Na hadithi je?"

"Hadithi zimefungwa kwa matengenezo, kama zahanati."

Kasuku alikuwa jikoni akiosha vyombo. Mzee alichukua kitambaa, akaanza kufuta, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu wakati wa marehemu bibi. Alifuta sahani moja muda mrefu sana.

"Kasuku, uliwaambia unalala."

"Ulisema nisikuangushe."

"Nilisema. Nilisema upuuzi." Akaiweka sahani. "Nisikilize. Mwongo wa nyumba hii ni mmoja. Nafasi yake haijatangazwa, na mimi sijafa. Usinisaidie kazi."

Kasuku hakucheka, lakini mkono wake ulisimama ndani ya maji. Akauliza, bila kugeuka, "Ukisikia kitu kibaya kuhusu mimi, utahuzunika?"

Mzee angeweza kusema hapana. Uongo mdogo huo, kwa mtu wa ukubwa wake. "Nitahuzunika," alisema. "Halafu nitakunywa chai. Halafu nitakuwa bado hapa."

Kasuku alimpa sahani nyingine aifute.

Siku ya kurudia, Mzee alibeba viti na kumimina maji kwenye zile glasi kwa mkono wake mwenyewe, akainama kuhakikisha ile ya nusu ni nusu kweli. Kisha akavuka barabara. Kinyozi alimpa kiti cha wateja, akamfunga shuka shingoni bila kumwuliza, kwa mazoea.

"Haya, tupe ya leo. Lori lilifika wapi?"

"Leo halikutoka."

Kinyozi aliweka mkasi chini. "Mzee, umekaa hapa tangu asubuhi hujadanganya hata kidogo. Unaumwa?"

"Kata nywele, wewe."

"Nywele zipi? Una masikio tu hapa."

Watoto waliingia na kutoka mlango wa nyumba yake, mmoja mmoja. Hakuwauliza kitu. Walipunga mkono, akapunga. Kisha Kasuku akaingia, na mlango ukafungwa, na jua likahama kutoka mguu mmoja wa Mzee hadi mwingine. Wenzake wote walitoka upesi; yeye hakutoka. Shangazi aliitwa ndani. Mzee aliinuka, akakaa, akainuka, shuka la kinyozi likimpepea mgongoni. Mara mbili kinyozi alimrudisha kitini kwa kumshika shingo, kama anavyowashika watoto.

Kasuku alipotoka alivuka barabara moja kwa moja, akakaa kwenye benchi kando yake. Kinyozi, Mungu ambariki, ghafla akakumbuka kwamba ana ufagio wa kutafuta uani.

Mzee hakuuliza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko saruji ya daraja.

"Nimegusa ile iliyojaa," alisema Kasuku. "Karibu kila swali."

"Ehee."

"Sijui ilianzaje, Babu. Hakuna aliyenifanya kitu. Ni uzito tu. Asubuhi nikiamka uko tayari pale unaningoja."

"Ehee, mama."

"Na kulikuwa na swali la mwisho. La kutamani usiwepo." Akatazama viatu vyake. "Nalo nilijibu kweli. Nilidhani Daktari atapiga kelele. Hakushtuka. Akavuta kiti, akasema ahsante kwa kuniambia. Tumeongea sana. Halafu tukamwita Shangazi, tukapanga pamoja."

Mzee Chumvi alikuwa ameteremka milima mingi, mingine ya kweli, na breki zikakataa kweli. Hakuna mteremko uliomtisha kama huu. Lakini Daktari hakushtuka, basi na yeye hakushtuka. Alishika goti lake mwenyewe kwa nguvu, na mkono wa pili akauweka juu ya mkono wa mjukuu wake.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema, kwa kuwa hakupata maneno bora, na yale ya Daktari yalikuwa tayari yamefanya kazi.

Kasuku alimwegemea. Alikuwa mzito, mzito wa mtu aliye hai, na Mzee alimshukuru Mungu kwa kila kilo.

Sitakudanganya kwamba kesho yake aliamka akiimba. Aliyeahidi kutotia chumvi hapa si Mzee peke yake. Ilikwenda pole pole. Kila wiki Kasuku alikuwa na miadi ya mazungumzo na mshauri mwingine, dada mmoja mpole wa hospitali kubwa, na Mzee alimsindikiza, akikaa nje kwenye benchi. Wazazi wakaanza kupiga simu hata siku zisizo Jumapili, na baba yake akapata ruhusa akaja, akakaa naye. Kulikuwa na wiki za nyuma na wiki za mbele. Alfajiri Mzee hakuuliza tena birika limechemkaje. Alimimina vikombe viwili, wakakaa wote kimya. Baadaye ikatokea asubuhi birika likawa baridi, na Kasuku bado kitandani, analala. Mzee alisimama mlangoni kwake akisikiliza mtoto anavyokoroma, akaona haijawahi kupigwa honi tamu namna ile. Akaenda kuchemsha maji mwenyewe.

Zahanati ilipata paa. Dodoso likakamilika, likapelekwa shule za karibu na glasi zake, na kila mwezi kulikuwa na kijana fulani, hapa au pale, aliyegusa ile iliyojaa na kuonekana. Shangazi alileta habari hizo nyumbani bila kutaja mtu, na Mzee, bila kujua jina hata moja, aliwaombea wote kwa pamoja. Alimshukuru Daktari kila walipokutana, mpaka Daktari akaanza kupita njia nyingine.

Na kwa kuwa hadithi zilikuwa zimemaliza matengenezo, Jumamosi moja alikuwa barazani, kinyozi na majirani wamemzunguka.

"Mnaona lile dodoso? Mimi ndiye niliyelitunga. Daktari alikuja hapa analia. Ananiambia, Mzee, tumeshindwa. Nikamwambia, mwanangu, leta maji. Akaleta pipa. Nikapanga glasi kuanzia hapa mpaka kule kwa kinyozi, nikazijaza zote kwa pumzi moja..."

"Punguza!"

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia. Kikombe cha Mzee kilisimama njiani kwenda mdomoni. Kinyozi aligeuka kumtazama, akaona kidevu cha mzee kinatetemeka, akageukia barabarani kama anayetafuta mteja.

"Haya," alisema Mzee, akashusha kikombe. "Haya. Nilizijaza chache."

"Punguza, Babu!" Kasuku alikuwa amesimama mlangoni sasa, ameshika birika.

"Nilibeba viti."

"Na?"

"Na maji. Viti na maji."

"Hapo sawa," alisema Kasuku, akamwongezea chai.